Mume wangu amempa mwanetu jina la Lamani

Shikamoo Mama mshauri,

Naomba jina langu lisitokee, wala mtaa wetu. Malindi ni ndogo, na sisi wa kanisa letu ni wa kuhesabika.

Nina watoto watatu. Wa kwanza ni mvulana wa miaka 16, yuko kidato cha tatu. Anayemfuata ni mvulana pia, ana miaka 11, na kitinda mimba ni msichana anayekaribia kutimiza 8. Mume wangu anaendesha tuktuk ya mtu. Mimi asubuhi nauza mahamri na mbaazi, mchana nafua mashuka ya nyumba zinazokodishwa watalii, watalii wenyewe wakiwapo. Huu wakati wa kusi unaujua ulivyo: hoteli nyingi zimefunga, na tuktuk zinazunguka mji mzima zikitafuta abiria mmoja.

Sisi ni waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Mume wangu alibatizwa alipokuwa kibarua Nairobi, kabla hatujaoana. Mimi nilifuata baadaye kwa hiari yangu. Nalisema hili mapema kwa sababu kila jirani ninayemdokezea shida yangu hunijibu, "Si mtoke huko!" Sitaki kutoka. Mume wangu alikuwa mtu wa mnazi, akirudi usiku watoto wanajifanya wamelala. Aliacha. Akaanza kutuketisha mkekani kila jioni na Kitabu cha Mormoni, na kwa mara ya kwanza watoto wakamwona baba yao akilia mbele yao bila aibu, akisoma. Jioni hizo ndizo zilizoitengeneza nyumba yangu. Ndiyo maana naandika.

Kijana wangu mkubwa anapenda sarakasi. Kuna kundi la vijana wanaofanya mazoezi ufuoni jioni, na msimu ukiwa mzuri hoteli huwaita wakawaonyeshe wageni, wakalipwa. Baba yake haoni sarakasi. Anaona bangi, anaona wanawake wa Kizungu, anaona mtoto anapotea. Sisi tunasoma saa moja unusu, kabla ya chakula, kwa sababu mume wangu anasema neno litangulie tumbo. Kijana akawa anachelewa, anaingia na mchanga miguuni. Siku moja baba yake akasema, "Haya, Lamani amefika," yule kaka mkubwa mwasi katika Kitabu cha Mormoni. Watoto wakacheka, hata mwenyewe akacheka. Lakini jina likabaki. Na yule mdogo, kwa kuwa anasoma vizuri na anawahi, akawa ndiye Nefi, yule ndugu mdogo mwema. Siku hizi wakigombania chaja ya simu, mdogo anamwambia mkubwa, "Ndiyo maana wewe ni Lamani."

Kisha zikapotea shilingi 1,200, hesabu ya tajiri mwenye tuktuk. Baba akamuuliza kijana, kijana akakana. Hatukuendelea na sura tuliyokuwa tumefikia jioni hiyo. Baba alirudi nyuma mpaka pale Lamani na Lemueli wanapowapiga ndugu zao kwa fimbo, akampa mdogo asome kwa sauti. Mkubwa akasimama, akasema, "Baba, katika kitabu hicho hakuna baba anayekosea?" Mume wangu aliinua mkono. Akaushusha, hakumpiga. Lakini aliuinua, na sote tuliuona.

Usiku uleule kijana alikwenda kwa nyanya yake Mambrui, na hadi leo yuko huko, shule anakwenda akitokea huko. Kesho yake pesa zilipatikana chini ya mto wa kiti cha tuktuk. Mume wangu aliniambia mwenyewe, akasema, "Mungu ashukuriwe," basi. Hajampelekea mtoto neno lolote.

Mavyaa wangu ni Mwanglikana wa tangu zamani. Alinipigia simu akaniambia, "Kitabu chenu kimemfukuza mjukuu wangu kwao." Msichana wangu naye atabatizwa akitimiza 8, na anasema anataka kaka yake ndiye ambatize, maana mwaka huu alitawazwa kuhani na kanisani kwetu kuhani anaweza kubatiza. Baba yake amesema mikono ile si safi.

Tunaendelea kusoma kila jioni. Mdogo anasoma mbio ili amalize. Niombe usomaji usimame kwa muda? Nimwambie mume wangu kwamba anakitumia kitabu vibaya? Yeye ndiye kiongozi wa nyumba, sitaki kumvunjia heshima, tena mbele ya watoto. Naogopa nikinyamaza nitampoteza mwanangu, na nikisema nitazipoteza zile jioni, na pengine mume arudi alikotoka.

Mama wa Watatu, Malindi

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma nikairudia. Uliandika kwa uangalifu wa mtu anayempenda kila aliyemo ndani yake, hata yule aliyeinua mkono. Umeniuliza mambo mawili, usomaji usimame au usisimame, na useme au unyamaze. Lakini chini yake nasikia swali la tatu, nalo ndilo linalokunyima usingizi: je, kile kilichoijenga nyumba yako ndicho kinachoibomoa sasa?

Mimi nasali kwingine. Hata hivyo sikuona haki kukujibu kuhusu kitabu nisichokifungua, kwa hiyo nilikitafuta kwa Kiswahili nikakaa nacho. Kwa wasomaji wasiokijua: Kitabu cha Mormoni kilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1830 huko Palmyra, New York, na waumini wake hukishika pamoja na Biblia kama neno la Mungu lililofasiriwa na Joseph Smith. Kinaanza na familia moja ya Yerusalemu, miaka kama 600 kabla ya Kristo, baba Lehi, mama Saria na wana wanne, Lamani, Lemueli, Samu na Nefi, wanaoondoka mjini wakaingia jangwani. Na usomaji wa nyumbani si jambo alilolibuni mume wa mwandishi wetu. Tangu mwaka 2019 kanisa hilo limepunguza ibada za Jumapili zikawa saa mbili, likaweka uzito kwenye kujifunza nyumbani, kwa mwongozo unaoitwa Njoo, Unifuate. Kwa hiyo baba huyu anapoketisha watoto mkekani anafanya alichofundishwa, na analifanya kwa moyo. Nataka hilo likae wazi kabla sijasema lolote jingine.

Sasa tuingie ndani. Nefi anasema mahali fulani, 1 Nefi 19 (Kitabu cha Mormoni kina vitabu vidogo ndani yake, kama Biblia), kwamba aliyalinganisha maandiko yote nasi, ili tupate faida na kujifunza. Bila shaka mume wako anaujua mstari huo, na nadhani ndio anaojaribu kuutii anaposema "Lamani amefika." Anayachukua maandiko anayaleta nyumbani. Lakini tazama, mwanangu, Nefi alisema nasi. Alijitia yeye mwenyewe ndani. Katika usomaji wenu wa jioni ile nani alilinganishwa? Mtoto mmoja alipewa sehemu mbaya, mwingine akapewa nzuri, na watu wazima wakabaki nje ya hadithi kama mahakimu. Sidhani kama mume wako aliliona hivyo. Alikuwa na hofu, na mzazi mwenye hofu hunyakua kilicho karibu.

Jina la kejeli halitoki upesi. Ni kama mafuta ya korosho mbichi mdomoni, mtoto anacheka anapoitafuna na alama inakaa wiki. Usiishie kumtazama mkubwa peke yake. Mtoto wa miaka 11 aliyefanywa Nefi amebeba mzigo pia. Ametumwa amsomee ndugu yake hukumu kwa sauti yake mwenyewe. Ule usomaji wa mbio unaoniandikia huenda si uvivu. Huenda ni njia yake ya kutoka mahali asipopapenda.

Sasa nikuulize juu ya jambo moja unalolichukua kuwa limekwisha. Unaandika kama vile kijana amekiacha kitabu. Mimi niliposoma maneno yake, "katika kitabu hicho hakuna baba anayekosea?", sikumsikia mtu aliyeacha kusikiliza. Kijana asiyejali angesema kitabu ni uongo, au angenyamaza akatazama simu. Yeye aliuliza swali la msomaji. Na lina jibu, mwanangu. Yuko.

Fungua 1 Nefi 16. Wako jangwani, upinde wa Nefi umevunjika, pinde za ndugu zake zimelegea, hakuna chakula. Lamani na Lemueli wananung'unika, hilo tulilitarajia. Kisha inaandikwa kwamba hata Lehi, baba, nabii, alianza kumnung'unikia Bwana. Njaa ilimfikisha huko. Nefi akachonga upinde mwingine wa mti, akatengeneza mshale, halafu akamwendea baba yake huyohuyo akamuuliza: niende wapi nikapate chakula? Lehi akaomba, akakemewa na Mungu, akaingia katika huzuni kubwa. Nefi akaenda alikoelekezwa, akarudi na nyama, wakala.

Nilikaa sana hapo. Baba alikosea, na watu wa nyumba yake wakajua amekosea, na kosa lake limeandikwa hadi leo lisomwe na watoto. Uongozi wake haukufa siku hiyo. Pengine kabla yake alikuwa akiheshimiwa kwa kuwa hajakosea, na baada yake akaheshimiwa kwa kuwa alikubali kukemewa. Unaogopa kwamba ukimkumbusha mume wako zile shilingi 1,200 utamvunjia heshima. Huenda. Lakini jiulize pia kama heshima yake mbele ya kijana imebaki ilivyokuwa, sasa pesa zimepatikana na hakuna aliyesema neno. Watoto wote watatu wanajua zilipatikana wapi. Nyumba ndogo haifichi kitu.

Na wewe humo kitabuni umo. Wana walipotumwa kurudi Yerusalemu kuchukua mabamba ya shaba yenye maandiko wakachelewa, Saria alimlalamikia mumewe waziwazi, kwamba ni mtu wa kuota maono, kwamba wanawe wamekufa na wao wenyewe wataangamia nyikani. Ni sura ya tano. Lehi hakumwita mwasi. Alikubali kwamba ndiyo, yeye ni mtu wa maono, akaeleza kwa nini, akamfariji. Watoto waliporudi, Saria akapata uhakika wake mwenyewe, kwa kinywa chake. Basi mama aliyesema hofu yake juu ya watoto hakuvunja nyumba ile. Kanisa lenu lilitoa mwaka 1995 tangazo juu ya familia, nalo linasema baba asimamie familia yake kwa upendo na haki. Katika aya hiyohiyo linasema baba na mama wana wajibu wa kusaidiana kama wenzi walio sawa. Umeninukulia nusu ya kwanza, mwanangu. Isomeni nusu ya pili pamoja.

Na Lamani, jina lenyewe? Lehi aliota mti wenye matunda matamu, akaita watu wake, na Lamani na Lemueli hawakuja. Baada ya ndoto hakuwafuta. Inaandikwa kwamba aliwasihi kwa hisia zote za mzazi mpole, na alipokaribia kufa aliwaita watoto wa Lamani akawaachia baraka. Endelea mbele karne nyingi, utawakuta vijana 2,000 walioitwa wana wa Helamani, wale wanaosifiwa kanisani kwenu kwa kuwa mama zao waliwafundisha kutokuwa na shaka. Hao walikuwa wa uzao wa Lamani. Nabii Samweli aliyesimama ukutani akawaonya Wanefi, uzao wa Nefi, alikuwa Mlamani. Ulifika wakati Walamani wakawa wema kuliko Wanefi. Anayemwita mtoto jina hilo akidhani amefunga maneno hajafika mwisho wa kitabu. Nasema hivi bila kumdharau mume wako. Wengi wetu, Waislamu na Wakristo wa pwani hii, tuna kurasa tunazozijua vizuri kwa sababu zinafaa kumrudi mtoto, na zile zinazotufuata sisi tunazipita haraka.

Tuje kwenye unachoweza kufanya. Sitakuchagulia. Wewe ndiwe unayemjua mume wako anapokuwa na njaa na anapokuwa ameshiba.

Unaweza kuomba usomaji usimame kwa muda. Pumziko lina faida, lakini fikiria litasikikaje. Mume wako anaweza kuona umeungana na mama yake na majirani wanaosema mtoke. Zaidi ya hayo, alikuwa mlevi akaacha, na jioni hizo ni sehemu ya kilichomshika. Hofu yako kwamba atarudi alikotoka si ya bure. Ila usiibebe peke yako. Kuacha pombe kwa mtu mzima hakuwezi kutegemea mkewe anyamaze mbele ya kila jambo.

Unaweza kuziacha jioni ziendelee, kijana akaruhusiwa asiwepo, aje akipenda. Inapunguza moto. Hatari yake ni kwamba baada ya miezi anaweza kuwa mgeni kwao, na mdogo akajifunza kwamba anayeuliza swali gumu ndiye anayehama.

Au unaweza kugusa namna ya usomaji bila kugusa usomaji wenyewe. Anza na chakula. Mfalme Benyamini katika Mosia 4 anawaambia wazazi wasiwaache watoto wao wakae na njaa, kisha ndipo anataja wasigombane. Sijui kama mpangilio huo ulikusudiwa, lakini mama yeyote anayepika anauelewa. Wakati wa kusi, chakula kikiwa kidogo, watoto wakiwa wametoka shule na kijana ametoka kuruka ufuoni, saa moja unusu na tumbo tupu ni saa ya ugomvi. Kuomba mle kwanza si uasi. Ni ombi dogo ambalo mume wako anaweza kulikubali bila kuona ameshindwa, na nyumba iliyokubali badiliko dogo huweza kukubali la pili. La pili laweza kuwa kwamba mkekani kila mtu anajilinganisha yeye tu: leo mimi nimejiona wapi? Baba naye anajibu. Siku atakayosema mbele ya watoto, "Leo mimi ni Lehi mwenye upinde uliovunjika, sina abiria na nimenung'unika," huenda usihitaji barua nyingine kwangu. Lakini simwahidii mtu. Anaweza pia kukataa, akasema mnageuza neno la Mungu kuwa mchezo.

Kuhusu kusema naye, nadhani unajua tayari kwamba itabidi useme, na ndiyo maana umeniandikia. Kinachobaki ni lini na vipi. Si mkekani. Si siku ambayo hesabu ya tajiri haijatimia. Na ninakusihi usimtupie 1 Nefi 16 usoni. Ukimwambia "hata Lehi alikosea" kwa sauti ya ushindi, utakuwa umemfanyia alichomfanyia mtoto, umechukua ukurasa ukampigia. Mwambie msome sura ile mkiwa wawili, watoto wamelala. Isome yote. Kisha mwambie yaliyo moyoni mwako, kwamba unamkosa mtoto, kwamba pesa zilipatikana na yeye hajui baba yake anawaza nini. Anza na shukrani, kwa sababu unayo na ni ya kweli: ulivyoniandikia kuhusu machozi yake mkekani, yeye ameyasikia kwako? Wanaume wengi walioacha pombe huishi wakidhani watu wa nyumba yao wanangoja waanguke.

Kuna jambo katika kitabu cha Alma, humohumo ndani, ambalo huenda likamgusa kuliko lile la Lehi. Alma naye alikuwa kijana mpotevu akageuka, kama mume wako. Alipokuwa na jambo la kuwaambia wanawe watatu, aliwakusanya lakini akampa kila mmoja maagizo yake kwa utengano. Shibloni, aliyekuwa mtulivu, alipewa sura moja fupi. Koriantoni, aliyeiacha huduma akamfuata mwanamke, alipewa sura nne, maswali yake yakajibiwa moja baada ya jingine, na mwishoni akatumwa tena kuhubiri. Aliyekosea zaidi ndiye aliyepewa muda mrefu zaidi, na hakusomewa na ndugu yake. Fikiria kijana wako akipanda tuktuk na baba yake, wawili tu, waende mpaka daraja la Sabaki na kurudi. Si lazima wazungumze dini. Baba hajawahi kuiona sarakasi yenyewe, au mimi nimekosa kukusoma? Ameona hatari zinazoizunguka, na hatari hizo zipo kweli Malindi, wala sitamwambia mzazi azipuuze. Lakini kijana anayeruka hewani na kutua kwa miguu amefanya mazoezi ya nidhamu ambayo baba anaitafuta kwake.

Juu ya ule mkono. Uliandika kwamba aliuinua akaushusha, na nakuamini, na kuushusha kwake nakuhesabu. Lakini naomba ujiulize ukiwa peke yako kama kuna mara nyingine ambazo haukushuka, na hukuziandika. Kama zipo, basi haya yote ya kuchagua saa na maneno yanakuja nyuma, na usalama wa watoto na wako unatangulia. Hapo usingoje mazungumzo ya usiku. Namba 116 ni ya msaada kwa watoto Kenya nzima, hupigwa bure, na rais wa tawi lenu, yaani kiongozi wa kundi lenu kanisani, naye anapaswa kujua. Kama hazipo, nisamehe kwa kuuliza. Ningekuwa mshauri mbaya nisingeuliza.

Rais wa tawi unaweza kumwendea hata kama hakuna kupigwa, ila kwa hadhari. Katika kundi dogo, mume akihisi amesemwa anaweza kuacha kwenda ibadani. Pengine mwende pamoja, na kisingizio mnacho cha kweli, ubatizo wa msichana. Kama kijana anastahili kubatiza au la, hilo si langu kulisema, na kwa ninavyoelewa utaratibu wenu si la baba peke yake pia. Anayetoa idhini ni kiongozi wa kanisa, baada ya kuongea na kijana mwenyewe. Ninachokuomba ni ubatizo huo usigeuzwe kuwa bei: rudi nyumbani ndipo umbatize dada yako, au omba radhi kwanza. Msichana hakuomba ugomvi wenu uishe. Aliomba kaka yake. Kama haitawezekana yeye ambatize, hata kuwapo kwake pale penye maji kunaweza kumtosha, muulize.

Nimemwacha mavyaa wako mwisho kwa sababu nadhani yeye ndiye mlango ulio wazi zaidi, ingawa alikusemea maneno makali. Mjukuu wake analala kwake salama, anakwenda shule. Ukimpigia simu kumthibitishia kwamba kitabu hakina kosa, mtabishana na hakuna atakayeshinda. Nenda Mambrui Jumamosi, mpelekee mahamri, mshukuru kwa kumweka mtoto. Kaa naye jikoni. Halafu kaa na kijana, umwambie jambo moja ambalo si siri tena na ambalo wewe una haki ya kulisema: pesa zilipatikana, na wewe hukuamini kwamba alizichukua, kama kweli hukuamini. Usimtetee baba yake, usimshtaki pia. Akikuuliza tena lile swali lake, unajua sasa ni sura ya ngapi, na unaweza kumwachia aitafute mwenyewe. Kitabu usikibebe mkononi kama hujaombwa. Kama mavyaa atakuuliza mnasoma nini huko kwenu, msimulie habari za Saria. Mama wa wana waliochelewa kurudi hatahitaji kufafanuliwa.

Niandikie ukisharudi kutoka Mambrui, hata kama kijana atakuwa hajaongea sana.